Sura ya Tatu: Mawe Yana Wenyewe

Mwaka 1871 msafiri wa Kijerumani, Karl Mauch, alifika kwenye magofu makubwa ya mawe kusini mwa mto Zambezi, akabandua kibanzi kutoka kwenye ubao uliokuwa juu ya mlango mmoja. Kibanzi kilikuwa chekundu na kilinukia vizuri. Akakilinganisha na mti wa penseli yake, akaona vinafanana, akahitimisha kwamba ubao ule ni mwerezi. Na kwa kuwa mwerezi unatoka Lebanoni, basi uliletwa na Wafoinike. Na kwa kuwa Wafoinike ndio waliomsaidia Suleimani kujenga, basi aliyewaleta huku hawezi kuwa mwingine ila Malkia wa Sheba. Gofu la kilimani akalifanya nakala ya Hekalu la Suleimani juu ya mlima Moria, na lile la bondeni akalifanya nakala ya jumba alimokaa malkia huyo alipokwenda Yerusalemu. Mti wenyewe ni tamboti, mti mgumu wa kusini mwa Afrika unaoota huko huko.

Kwa kibanzi kile Hekalu la Wayahudi likaingizwa katika historia ya Afrika, na halijatoka kabisa hadi leo. Walowezi waliokuja nyuma ya Mauch walilipenda hitimisho lake, maana nchi iliyojengwa na wageni wa kale ni rahisi kudaiwa na wageni wa sasa. Richard Hall, aliyekabidhiwa magofu hayo mwaka 1902, alichimba na kutupa nje tabaka juu ya tabaka la udongo wenye vigae, mifupa na sakafu, akidai kwamba anasafisha uchafu wa Waafrika ili kazi ya wajenzi wa kale ionekane. Alichotupa ndicho kilichokuwa ushahidi. Bahati njema hakumaliza. Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichimba sehemu ambazo hazijaguswa na kukuta vyombo vya Kiafrika hadi chini kabisa. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson alirudia kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa zaidi na kuthibitisha kwamba wajenzi ni Waafrika. Leo tunajua kwamba Zimbabwe Kuu ni kazi ya mababu wa Washona, iliyojengwa kati ya karne ya 11 na ya 15. Ubaguzi wa rangi ulikuwemo katika kosa la Mauch, tena kwa wingi, lakini ndani yake kulikuwa pia na kosa la njia, na hilo ndilo ninalotaka kulifuatilia katika sura hii. Mauch alimtafuta mjenzi kwa kuangalia nani ana jina kubwa. Hakuuliza jiwe limetoka chimbo gani, limebebwa na nani, aliyelibeba alikula nini na takataka zake alizitupa wapi. Ninadai kwamba maswali hayo yakiulizwa kwa uaminifu, jibu lake huwa la namna moja, tukiwa Yerusalemu au tukiwa Engaruka, kwenye magofu ya mawe ya huku kwetu: kuta ni kazi ya wenyeji wa wakati huo, na zimechukua muda mrefu kuliko umri wa mtu yeyote anayesifiwa kwa ajili yake.

Tuanze na Yerusalemu, kwa sababu huko nako wenye majina makubwa wamepewa mawe yasiyo yao. Ukuta wa Magharibi, ambako Wayahudi husali, haukuwa ukuta wa Hekalu lenyewe. Ni sehemu ya kuta nene zilizojengwa kuzunguka kilima ili kushikilia kifusi na kupata uwanja mpana juu yake, na Hekalu likasimama katikati ya uwanja huo. Ndani ya handaki linalofuata ukuta huo upande wa kaskazini kuna jiwe moja lenye urefu wa karibu meta 13.6 na kimo cha meta 3 hivi. Makadirio ya zamani yalilipa uzito unaozidi tani 500. Vipimo vya baadaye vilivyopenya ndani kutafuta unene wake vimelishusha hadi tani 250 au 300. Hata huo uzito wa chini unamshtua mtu, na mshtuko huo ndio unaozaa hadithi. Wengine husema ni kazi ya majitu yaliyotangulia gharika, wengine husema ni ya taifa lililosahaulika lenye ujuzi ambao sisi hatunao, na walio wengi zaidi husema tu kwamba ni mawe ya Suleimani.

Chimbo linasema vingine. Mawe hayo ni ya chokaa, ya aina ile ile inayounda vilima vya Yerusalemu, na machimbo yake yameonekana upande wa kaskazini, mahali palipo juu kuliko uwanja wa Hekalu, kwa hiyo mzigo ulikuwa unateremka. Katika machimbo ya namna hiyo mitaro iliyochongwa kwa sululu kulizunguka jiwe bado inaonekana, na mengine yameachwa yakiwa hayajang'olewa. Mawe ya ukutani yana ukingo uliochongwa chini kidogo pande zote, mtindo wa mafundi wa wakati wa mfalme Herode, aliyeanza kazi hiyo mnamo mwaka 20 au 19 kabla ya Kristo. Josephus, Myahudi aliyeandika historia katika karne ya kwanza, anataja magari 1,000 ya kubebea mawe, mafundi 10,000, na makuhani 1,000 waliofundishwa uashi ili wafanye kazi pale ambapo mtu asiye kuhani hakuruhusiwa kukanyaga. Tarakimu zake ni za kukadiria, na mara nyingi anapenda kuzikuza, lakini mambo anayoyaeleza ni mambo ya kawaida ya ujenzi: usafiri, vibarua, mafunzo na mishahara.

Herode naye amepewa zaidi ya stahili yake. Mwaka 2011 waakiolojia Eli Shukron na Ronny Reich walitangaza walichokikuta chini kabisa ya ukuta huo, karibu na kona ya kusini-magharibi. Palikuwa na kisima cha kujitakasia kilichokuwepo kabla ya ukuta, kikafukiwa ili jiwe la msingi lipite juu yake, na ndani ya kifusi chake mlikuwa na sarafu za Valerius Gratus, liwali wa Kirumi wa Yudea, zilizotengenezwa mwaka 17 au 18 baada ya Kristo. Herode alifariki mwaka wa 4 kabla ya Kristo. Sarafu haiwezi kufukiwa kabla ya kutengenezwa, kwa hiyo sehemu ile ya ukuta iliwekwa angalau miaka 20 baada ya mfalme huyo kuzikwa. Hapo ndipo maneno mawili ya kale yanapopata uzito mpya. Injili ya Yohana inawataja Wayahudi wakimwambia Yesu kwamba Hekalu limejengwa kwa miaka 46, na Josephus anasema kwamba kazi ilipokwisha, katika zama za Agripa wa pili, zaidi ya vibarua 18,000 walijikuta hawana ajira. Mfalme alianzisha. Waliomaliza ni wajukuu wa mafundi wake. Na hata hapo ukuta haukukoma kupokea mikono mipya: juu ya safu saba za mawe ya wakati huo, zinazoonekana leo mbele ya wanaosali, kuna safu za enzi ya Kiislamu ya Bani Umayya, na juu yake tena mawe madogo ya karne za karibu.

Msomaji mwenye imani anaweza kuuliza kama kusema hivi ni kumkana Suleimani. Msomaji Mwislamu atakumbuka kwamba Kurani inasimulia majini waliomtumikia Nabii Suleimani kwa ujenzi. Msomaji Mkristo atakumbuka sura nzima nzima za kitabu cha Wafalme. Pingamizi hili linastahili jibu la heshima, na jibu lenyewe ni jepesi. Suleimani anawekwa katika karne ya 10 kabla ya Kristo. Hekalu linalohusishwa naye liliteketezwa na Wababeli mwaka 586 kabla ya Kristo, na lililolifuata, lile ambalo Herode alilipanua, lilibomolewa na Warumi mwaka 70 baada ya Kristo. Ndani ya uwanja wenyewe, ambao Waislamu wanauita Haram al-Sharif, hakuna uchimbaji wa kitaalamu wa wazi uliofanyika, kwa sababu za utakatifu ambazo kila mtu mwenye adabu anazielewa. Kwa hiyo mawe tunayoyaona hayamthibitishi Suleimani wala hayamkanushi. Yanaeleza habari za watu wengine, walioishi karibu miaka 900 baada yake, na ni dhuluma kuwanyang'anya watu hao jasho lao ili kumwongezea heshima nabii ambaye heshima yake haihitaji mkopo.

Sasa tuje kwetu. Mtu wa Singe, hapa mjini Babati, anaishi ndani ya Bonde la Ufa. Akishika barabara ya Arusha, akapita Minjingu hadi Makuyuni, akageukia Mto wa Mbu na kuendelea kaskazini chini ya ukingo wa bonde, atafika Engaruka, wilayani Monduli. Hapo, chini ya genge linalopanda kwenda nyanda za juu za Ngorongoro, zimelala kilometa za mraba zipatazo 20 za mashamba ya kale yaliyogawanywa kwa mistari ya mawe, yenye mifereji iliyopangwa mawe, mirundo ya mawe, mazizi ya mawe, na juu ya miteremko vijiji saba ambavyo nyumba zake zilikaa juu ya vitako vilivyochongwa ubavuni mwa mlima na kukingwa kwa kuta. Hakuna chokaa wala udongo wa kugandisha. Ni jiwe juu ya jiwe. Mvua pale ni haba, vumbi la volkano ni jingi, na mlima wa moto Oldonyo Lengai hauko mbali. Mtu akisimama katikati ya mistari hiyo lazima ajiulize nani alikuwa na sababu ya kupanga mawe mengi kiasi hiki katika nchi kavu kiasi hiki.

Waliouliza mapema walikuwa na jibu tayari kabla ya kuuliza. Gustav Fischer alipita mwaka 1883, Hans Reck akafika mwaka 1913, Louis Leakey mwaka 1935. Leakey alihesabu na kukadiria nyumba zipatazo 6,300 miteremkoni, akafikiria mji wa watu 30,000 hadi 40,000. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1933, G. W. B. Huntingford alikuwa ameandika kuhusu kile alichokiita ustaarabu wa Azania, akikusanya mabaki ya mawe, mifereji na barabara za kale za Kenya na jirani zake na kuyatundika kwa taifa moja lililotoweka. Fikra za miaka ile zilitawaliwa na nadharia ya Wahamiti, iliyoenezwa sana na kitabu cha Charles Seligman cha mwaka 1930, kwamba chochote kilichojengwa kwa akili katika Afrika kililetwa na watu weupe-weupe kutoka kaskazini. Penseli ya Mauch haikutajwa, lakini hesabu ilikuwa ile ile: jengo ni kubwa, wenyeji tunaowaona ni wadogo machoni petu, basi mjenzi ni mwingine.

Mambo yalibadilika pale watu walipopiga magoti na kuanza kuchimba kwa utaratibu. Hamo Sassoon, aliyekuwa mhifadhi wa mambo ya kale wa serikali, alichimba mwaka 1964 na mwaka 1966. Baada yake akaja John Sutton, aliyeisoma Engaruka kama shamba badala ya kuisoma kama mji, na hilo peke yake lilifungua macho. Mirundo ya mawe iliyodhaniwa kuwa makaburi ya wakuu ilipofunguliwa ilionekana ni mawe yaliyoondolewa njiani ili jembe lipite. Katika majivu ya nyumba kulikuwa na punje za mtama zilizoungua. Kulikuwa na mifupa ya ng'ombe na ya mbuzi. Vigae vilikuwa vya vyungu vya kufinyangwa kwa mkono, vya mikono ya huku huku. Vipimo vya kaboni katika mkaa vikaweka maisha ya mahali pale kati ya karne ya 14 au 15 na karne ya 18. Hakuna maandishi ya kigeni, hakuna hekalu, hakuna jumba la mfalme. Hizo takataka za jikoni, ambazo Hall angezitupa, ndizo zilizotaja jina la mjenzi: mkulima wa umwagiliaji, mla mtama, mfugaji wa zizini, aliyeishi katika zama ambazo Kilwa na Mombasa zilikuwa tayari miji yenye misikiti.

Daryl Stump, aliyefanya kazi pale katika miaka ya 2000, aliongeza jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Alionesha kwamba baadhi ya mashamba hayakujengwa juu ya udongo uliokuwepo. Udongo wenyewe ulikamatwa. Wakulima walipanga mstari wa mawe, wakaelekeza maji yenye tope, tope likatulia nyuma ya mawe, kisha wakapandisha ukuta kidogo, wakakamata tope jingine. Tabaka juu ya tabaka, shamba likapanda pamoja na ukuta wake. Kwa hiyo wingi wa mawe unaomshangaza mgeni haukumwagwa hapo kwa amri ya siku moja. Ulikua. Mfereji mmoja unakatiza mwingine wa zamani, shamba moja linalala juu ya jingine, na mpangilio unaoonekana kama ramani moja ni jumla ya maamuzi ya vizazi vingi.

Hapo linajibika pingamizi ambalo husikika sana, kwamba kazi kubwa namna hii isingewezekana bila mfalme mwenye jeshi la vibarua. Yerusalemu ilikuwa na mfalme, kodi na hazina, na jiwe la tani 250 kweli linadai mpango wa namna hiyo. Hakuna kaya inayoweza kulisogeza. Engaruka haina jiwe hata moja ambalo mtu mmoja au watu wachache hawawezi kulinyanyua. Ukubwa wa mahali unatokana na idadi na muda. Ugumu wa kweli ulikuwa kwenye maji: nani afungulie mfereji leo, nani asubiri, nani azibue ulipoziba. Kwa hilo ilihitajika sheria na wazee wa kuisimamia, na tunazo jamii hai zinazotuonesha kwamba inawezekana bila kiti cha enzi. Wasonjo, wanaojiita Wabatemi, kaskazini mwa Engaruka, wamegawana maji ya mifereji yao chini ya mabaraza ya wazee. Wachaga wana mifongo yao Kilimanjaro, Wamarakwet wana mifereji yao kwenye ukingo wa Bonde la Ufa kule Kenya, na Wakonso wa Ethiopia wana matuta ya mawe yanayofunika milima mizima. Thimlich Ohinga, karibu na Migori nchini Kenya, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, ina maboma ya mawe makavu yaliyoanza kujengwa karne ya 16. Ujuzi wa kupanga jiwe bila chokaa umeenea katika eneo lote hili, na hauhitaji mgeni wa kuuleta.

Pingamizi jingine linatoka upande wa pili, kwa watu wanaotutakia mema. Basil Davidson, aliyefanya kazi kubwa ya kurudisha heshima ya historia ya Afrika, alipoandika mwaka 1959 alizichukua tarakimu za Leakey na kuionesha Engaruka kama mji mkubwa wa kale. Wachimbaji waliofuata wamepunguza idadi ya watu sana, hadi maelfu machache, kwa sababu si kila kitako kilikuwa nyumba na si nyumba zote zilikaliwa kwa wakati mmoja. Kuna wanaohisi kwamba kupunguza ni kudharau. Mimi sioni hivyo. Watu elfu chache waliogeuza jangwa kuwa shamba na kulilisha kwa samadi na tope kwa karne tatu au nne wamefanya jambo zito kuliko mji wa kubuni wa watu 40,000. Tukikubali tarakimu kwa kuwa inatupendeza, hatutakuwa na neno la kumwambia Mauch.

Na hapa Babati swali lina uzito wake wa pekee, kwa sababu wapo wanaosema kwamba Wairaqw, na pamoja nao Wagorowa ambao ni wenyeji wa kale wa eneo hili, walitoka Iraki ya leo, ushahidi ukiwa mlio wa jina. Wengine huunganisha hapo hapo na Engaruka: waliojenga Babeli walikuja kujenga chini ya Ngorongoro. Lugha inalikataa dai hili waziwazi. Kiiraqw na Kigorowa ni ndugu wa karibu kabisa, pamoja na Kialagwa na Kiburunge vya Kondoa, na vyote vimo katika familia ya Kikushi ambayo matawi yake yamesambaa Kenya, Somalia na Ethiopia. Maelfu ya miaka ya kuishi Afrika Mashariki yamo ndani ya lugha hizo, na hakuna haja ya kuyakana ili kupata asili ya kujivunia. Ila kuhusu Engaruka kwenyewe, wapo wataalamu waliopendekeza kwamba baadhi ya wakulima wake walikuwa mababu wa Wairaqw, wakiangalia kilimo cha Wairaqw kule Mbulu, chenye makinga maji, samadi na ng'ombe wa kufungiwa. Wengine wanaelekeza kwa Wasonjo kwa sababu ya mifereji. Mapendekezo yote mawili yana mantiki, na yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, maana watu wa mahali palipodumu karne kadhaa hawakuwa lazima wa kabila moja kama tunavyoyahesabu makabila leo. Lakini hata Mwiraqw asimtumie babu yake kama Mauch alivyomtumia Malkia wa Sheba. Dai la ukoo nalo lipelekwe kwenye vigae, kwenye mbegu na kwenye masimulizi ya wazee yaliyorekodiwa kabla ya kuchanganyika na yale yaliyosomwa vitabuni.

Linabaki swali la wale wanaouliza kwa nini, kama wajenzi walikuwa wenyeji, majirani wa leo hawayadai mawe yale. Wamaasai wanaoishi Engaruka sasa hawakudai kamwe kuyajenga. Waliingia eneo lile wakati mashamba yakiwa yanaachwa au yameshaachwa, na ni wafugaji. Wengine wamewatwika Wamaasai lawama ya kuwafukuza wakulima. Inawezekana hofu ya uvamizi ilichangia, lakini ukifuata mifereji kwenda juu unakutana na sababu ya karibu zaidi. Mto Engaruka bado unatiririka, na wakulima wa leo wanamwagilia kwa maji yake. Sehemu kubwa ya mashamba ya kale, hata hivyo, ilitegemea vijito vingine vya kaskazini na kusini mwa mto huo, ambavyo siku hizi havina maji isipokuwa baada ya mvua. Mfumo uliokuwa na vyanzo kadhaa ukabaki na kimoja. Shamba la umwagiliaji likikosa maji misimu michache mfululizo halingoji mvamizi: kaya moja inaondoka, majirani wanabaki wachache kuzibua mfereji, kisha nao wanaondoka, wakienda walikopokelewa, wakioa na kuolewa huko, na watoto wao wakikua wakisema lugha ya wenyeji wapya. Watu wa namna hiyo hawapotei, na hakuna sababu ya kwenda kuwatafuta Lebanoni wala Babeli. Vizazi vyao vimo kati ya Sonjo, Mbulu na hapa, na wapo wanaolima hadi leo.